Shimo la Mwaitu Mtoni

Lori la kwanza lililoshuka mtoni kwetu nililisikia kabla ya kuliona, mwanangu, na hadi leo nikisikia lori likibadilisha gia kwenye mteremko, moyo wangu hurudi siku ile. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi. Mimi ndiye niliyekuwa nimelionyesha njia. Lilipofika juu ya mteremko nikalitangulia kwa miguu, panga mkononi, nikikata vichaka vya miiba ili visikwaruze rangi yake. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, nimemaliza kidato cha nne, na nilijiona mtu mkubwa kwa sababu gari lilikuwa likinifuata nyuma.

Mimi ni Nzioka. Nimezeeka hapa Kithangathini, upande wa Makueni, chini kidogo ya barabara kuu ya Mombasa. Huenda wewe unayenisoma ni mmoja wa waliokuja juzi, ukanunua ploti yako ya futi hamsini kwa mia, ukajenga, na sasa unaamka kabla ya jua kwenda kazini Athi River au Nairobi na kurudi jioni ukiwa umechoka. Au wewe ni mtoto wa hapa, baba yako aliuza ploti hiyo. Vyovyote iwavyo nakuita mwanangu, nawe univumilie. Nimekosea mengi katika maisha yangu. Mengine nimeyasahau, mengine watu wamenisamehe. Hili moja limekataa kuondoka.

Mgeni akiuona mto wetu wakati wa kiangazi huuliza, "Sasa mto uko wapi?" Enzi zile angeona mchanga tu, mweupe, mpana, unaopinda kati ya kingo mbili. Lakini maji yalikuwepo. Mvua ya Novemba ikinyesha, mto ulifurika siku chache, kisha maji yakazama mchangani na kukaa humo, mbali na jua. Kila mama wa kijiji alikuwa na shimo lake. Mwezi wa kwanza baada ya mvua alifukua kwa kiganja tu na maji yakaja. Kufikia Septemba shimo lilikuwa refu kuliko kiuno chake, akaingia ndani, akachota kwa kibuyu kidogo, akangoja maji yajikusanye, akachota tena. Akimaliza alifunika shimo kwa matawi ya miiba ili mbuzi wasiingie, na kando yake akaacha kibuyu kimoja chenye maji kwa ajili ya mpita njia. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Ukikuta kibuyu, unakunywa, unakirudisha mahali pake.

Shimo lilikuwa na mwenyewe, na lilirithiwa. Kijana akioa, mama yake ndiye aliyemshika bibi arusi mkono siku za kwanza na kumpeleka mtoni, akamwonyesha: chimba hapa, pale usichimbe kuna chumvi. Kabla ya siku hiyo msichana alikuwa bado mgeni. Baada yake alikuwa wa nyumba ile. Ndivyo nyanya yangu alivyomwonyesha mama yangu, ambaye sisi watoto wake tulimwita Mwaitu, kama Wakamba wanavyomwita mama. Shimo la Mwaitu lilikuwa kwenye kona ya mto, chini ya jiwe jeusi ambalo ukilitazama ukiwa mbali utadhani ni ng'ombe amelala.

Basi akaja Muthoka. Alikuwa dereva wa lori kutoka upande wa Machakos, mcheshi, kofia kaipinda upande mmoja, na alikuwa akitafuta mchanga wa kujengea. Miaka ile viwanda na nyumba za wafanyakazi vilikuwa vinaota kule Athi River na pembezoni mwa Nairobi, na hakuna ukuta unaosimama bila mchanga. Alinikuta nimeketi sokoni na cheti changu cha shule kikiwa mfukoni, maana wakati huo nilitembea nacho.

"Kijana," akaniambia, "nyinyi watu wa hapa mna mali, halafu mnaikanyaga kwa miguu mkienda kuchota maji."

Alihitaji mtu wa nyumbani, aliyesoma, wa kuzungumza na wenyeji na kuwasimamia vijana wa kupakia. Nami nilihitaji nyumba ya mawe na mabati. Nilikuwa nimempenda Mbithe, msichana wa kijiji cha pili, na nilikuwa nimeapa kwamba sitamleta katika nyumba ya udongo. Tukapeana mikono.

Wenye mto walikuwa akina mama, kwa hiyo ilinibidi nizungumze nao. Walikusanyika mchangani jioni moja, mitungi yao imesimama kando. Nikapanda juu ya lile jiwe jeusi nikawafundisha jiografia. Usicheke, mwanangu. Kidato cha tatu tulikuwa tumesoma jinsi mto unavyobomoa mawe na udongo huko juu na kuyashusha chini yakiwa mchanga. Nikashuka, nikawachorea kwa kijiti: hapa vilima vya Kilungu, hapa mto, hapa sisi. "Tukichukua mchanga huu," nikasema, "mvua italeta mwingine. Kila mwaka unaletwa bure. Hauwezi kuisha."

"Mwana wa Ndunge amesoma hadi amefika mchangani," mama mmoja akasema, na wote wakacheka. Ndunge ndilo lililokuwa jina la mama yangu.

Mwingine akauliza, "Na hayo maji, mwalimu? Kitabu kinasema yatakaa wapi mchanga ukiwa safarini Nairobi?"

Nikajibu kwamba maji hukaa chini kabisa ya ardhi, kwa hiyo mchanga ukipungua yatakuwa karibu zaidi na hawatahitaji kuchimba sana. Nilisema hivyo bila kupepesa macho. Kitabu hakikusema hivyo. Nililitunga pale pale, kwa sababu walikuwa wamenikazia macho na sikutaka kuonekana sina jibu. Nakuambia hili ulijue vizuri, maana watu wakisimulia habari ya mto wetu hulaumu malori, hulaumu Nairobi, hulaumu mvua. Mimi nilikuwepo. Jambo lenyewe lilianza na neno hilo moja la uongo, kutoka kwa kijana aliyeaminiwa kwa sababu alikuwa amesoma kuliko waliomsikiliza.

Walikubali. Walikubali kwa sababu nilikuwa mtoto wao.

Mwaitu hakuwa amecheka wala kuuliza. Tulipokuwa tunapanda kwenda nyumbani, mtungi mgongoni, kamba ya ngozi ikimkaza kwenye paji la uso, alisema bila kugeuka, "Nzioka, mvua ya mwaka mmoja huleta mchanga wa malori mangapi?"

"Sijui, Mwaitu."

"Basi uliza kwanza."

Sikuuliza. Nilikuwa nimeshampa Muthoka neno langu.

Ndipo ikafika asubuhi ile. Tulipofika kwenye kona, Mwaitu alikuwa ndani ya shimo lake, kilichoonekana ni kichwa na mabega tu. Shimo lilikuwa katikati kabisa ya mahali ambapo lori lilipaswa kupita. Muthoka akapiga honi. Mwaitu akainuka taratibu, akatutazama, akanitazama mimi, kisha akainama tena. Nilidhani ananipuuza. Kumbe alikuwa anachota. Alinyoosha mkono wenye kibuyu kuelekea kwangu.

"Umetembea juani," akasema. "Kunywa."

Vijana wangu wa kupakia walikuwa wakinitazama. Muthoka alikuwa ametoa kichwa dirishani, anatabasamu.

"Sina kiu, Mwaitu," nikasema. "Songa kidogo, lori lipite."

Nilikuwa na kiu, mwanangu. Koo lilikuwa limenikauka kwa kukata miiba tangu barabarani. Lakini nilikuwa msimamizi, na niliona aibu kunyweshwa na mama yangu mbele ya watu kama mtoto.

Alitoka shimoni. Aliweka kibuyu kando, akavuta matawi yake ya miiba, akalifunika shimo kama alivyofanya kila siku, akabeba mtungi wake ukiwa nusu. Gurudumu la nyuma lilipita juu ya kibuyu. Nilisikia kikipasuka.

"Pole, mama," Muthoka akasema.

"Ni kibuyu tu," Mwaitu akajibu, akaenda zake.

Mvua ilileta mchanga, hilo nisilikatae. Ilileta mchanga mwembamba kama unga uliobaki mezani baada ya kusukuma chapati. Malori yakaupakia huo pia. Kufikia hapo hayakuwa tena ya Muthoka peke yake. Yalikuja kutoka kila upande, na siku nilipotaka kuyazuia nilisimama katikati ya njia na mkono juu, na dereva mmoja akamuuliza mwenzake, "Huyu kijana ni nani?" Hakuna aliyenijua. Msimu wa tatu tukafika kwenye mwamba. Mto uliposhuka haukuwa na mahali pa kulala. Ulipita kwa kelele siku moja, ukala kingo, ukaenda na migomba ya watu na sehemu ya shamba letu la mbaazi. Kesho yake pakawa pakavu.

Nyumba yangu ilikuwa imekwisha. Mawe, mabati yanayong'aa, madirisha ya kioo. Nikamwoa Mbithe kanisani na watu wakaimba. Siku ya tatu Mwaitu akamshika mkono akampeleka mtoni.

Hili sikulijua wakati huo. Mbithe alinisimulia miaka mingi baadaye, tukiwa tunatenganisha maharagwe na mawe, kana kwamba anaeleza habari ya mtu mwingine. Alisema walipofika kwenye kona Mwaitu alisimama juu ya mwamba mtupu, akatazama jiwe jeusi, akahesabu hatua kutoka pale kwa miguu, akasimama tena. Akamwambia, "Hapa ndipo palikuwa." Kisha, kwa sababu hakuweza kumrudisha bibi arusi nyumbani na mtungi mtupu, alimpeleka mto wa pili, mwendo wa asubuhi nzima. Kule walikuwa wageni. Walipanga foleni nyuma ya wenyeji, na wakachota baada ya punda wa watu kunywa. Mwaitu alimwomba radhi njiani. Alimwomba radhi yeye, mwanangu, kwa kitu nilichofanya mimi.

Alikwenda mto ule wa pili miaka yote iliyobaki ya nguvu zake. Kwangu palikuwa na tangi la kukinga maji ya mvua kutoka juu ya mabati, lakini hakuyachota hata siku moja. Nikimwambia apumzike alisema miguu yake imezoea. Hakunigombeza kamwe. Wakati mwingine nilitamani anigombeze.

Aliugua mwezi wa Septemba, jua likiwa kali. Alikuwa amelala katika chumba cha mbele cha nyumba yangu, watu wa kanisa wamekuja kumwombea na kuondoka. Mbithe alimletea chai, akakataa. Alimletea uji, akakataa. Mchana, tukiwa wawili tu, alifungua macho akasema, "Nzioka, niletee maji."

Nikainuka kwenda kwenye tangi.

"Ya mtoni," akasema. "Yetu. Pale kwenye jiwe."

Sijui kama alikuwa amesahau au alikuwa anajua. Nilichukua koleo nikashuka mbio. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na nilikimbia kama mtoto. Kwenye kona palikuwa na ufa katika mwamba, na ndani ya ufa palikuwa na udongo kidogo mweusi. Nikachimba hapo. Koleo likagonga jiwe. Nikapiga magoti nikafukua kwa vidole, nikanusa udongo, ulikuwa na unyevu kidogo kama ule wa kiganja cha mtu mwenye homa. Hapakuwa na maji. Kwenda mto wa pili na kurudi kungenichukua hadi jioni, nami niliogopa kumkuta ameondoka.

Nilirudi nyumbani. Nikazunguka nyuma ambapo hakuna aliyeniona, nikafungua mfereji wa tangi, nikajaza kikombe. Nikaingia kwa Mwaitu nikapiga magoti.

"Haya, Mwaitu. Ni ya mtoni."

Aliyaweka mdomoni. Aliyakalisha humo kidogo, akayameza. Kisha akanitazama muda mrefu, bila ukali wowote, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Yana ladha ya mabati," akasema.

Hakuomba tena maji. Alifariki siku ya pili, na tukamzika upande wa juu wa shamba, mahali ambapo mtu akisimama anaiona ile kona.

Sasa nikueleze jinsi Kithangathini ilivyokuwa hivi unavyoiona, maana wengi hudhani ni barabara iliyoleta watu. Barabara ilikuwepo tangu zamani na watu walipita tu. Maji yalipokwisha, mbuzi walipungua. Mbuzi walipopungua, karo ikakosekana. Akina mama walipochoka kwenda mto wa pili, vijana walihama. Shamba lisilo na mtu wala maji huuzwa kwa urahisi, na madalali walipoanza kusema kwamba mji mkubwa utajengwa karibu, kila mzee alikuwa tayari ameshika hati yake mkononi. Wapima ardhi wakaja, wakapiga vigingi juu ya matuta ambayo mama zetu walikuwa wameyachimba pamoja. Na waliokuja kununua, wengi wao walikuwa watoto wa nyumba za Athi River na Nairobi, nyumba zile zile zilizojengwa kwa mchanga wetu. Kodi kule ilikuwa imewashinda. Walikuja kujenga mahali mchanga ulipotoka na wakaulizia mchanga, wakaambiwa sasa unaletwa kutoka mbali.

Wazee tuliwaita walalaji, kwa sababu tuliwaona wakija kulala tu. Ulikuwa utani, lakini ulikuwa na uchungu ndani. Ukipita leo saa nne asubuhi utasikia kuku na redio moja. Mageti ya chuma yamefungwa. Juu ya kila nyumba kuna tangi jeusi, na malori ya maji yanapanda na kushuka kuyajaza. Na ukitazama vizuri utaona kwamba milango yote inaelekea barabarani. Mto uko nyuma, mahali pa kutupa taka. Kuna watoto waliozaliwa hapa na wanajua majina ya steji zote hadi Nairobi, na hawajui kwamba nyuma ya ukuta wao kuna mto. Siwalaumu. Nani angewaonyesha?

Miaka ya karibuni akina mama wa kanisa, wenyeji na walalaji pamoja, walifufua mwethya, ile desturi yetu ya kufanya kazi kwa zamu kwa mikono ya wote. Waliamua kujenga ukuta wa mawe na simiti ukivuka mto, kwenye kona ile ile, ili mvua ikileta mchanga usipite. Ukuta wa namna hiyo lazima ushike kingo zote mbili, na ukingo mmoja ulikuwa shamba langu. Niliutoa. Kisha nikaomba kusema machache, na mwenyekiti wao, ambaye mama yake alikuwepo siku ya jiografia, akasema, "Nzioka atabeba mawe. Hatahutubia." Wakacheka sana. Nikabeba mawe.

Mchanga ulirudi polepole sana. Mvua ya kwanza, ulifika kwenye vifundo vya miguu. Ya pili, haukufika magotini. Mzee anayehesabu mvua zilizobaki maishani mwake anajua polepole ni nini. Lakini mwaka jana ulifika kiunoni, na Mbithe alikwenda peke yake akafukua karibu na jiwe jeusi, akarudi na mikono iliyolowa. Alinionyesha tu mikono.

Nina mwana anaitwa Kyalo. Anafanya kazi kiwandani Athi River, anakwenda na kurudi kila siku, naye ni kijana mzuri, sitaki umdhanie vibaya. Alikuwa amemwoa Nduku, msichana wa Kitui, na alikuwa akimjengea nyumba nyuma ya yangu. Nyumba ilikuwa imefika linta, pale juu ya madirisha, ikasimama. Jumapili moja baada ya kanisa, tukinywa chai, akasema, "Baba, nimeangalia pale kwenye ukuta. Kuna mchanga mzuri. Nikitoa lori mbili tatu tu ninamaliza. Mvua italeta mwingine."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka chini.

"Usiuguse," nikasema.

"Kwa nini? Ukuta umeshika kwenye shamba letu."

"Usiuguse, Kyalo."

Akacheka kidogo, akatazama kuta za sebule, akagonga moja kwa kiungo cha kidole. "Na hii nyumba yako, baba, ilijengwa na mchanga upi?"

"Kyalo," Mbithe akasema, "nyamaza."

"Mwache," nikasema. "Ameuliza vizuri."

Nikamweleza. Nilikuwa sijawahi kumweleza mtu, hata Mbithe hakujua habari ya kikombe. Nilimwambia uongo niliousema juu ya jiwe, nilimwambia nilivyomsogeza nyanya yake, nilimwambia ladha ya mabati. Mbithe aliinuka akaenda jikoni katikati ya maneno na hakurudi. Kyalo alikuwa akitazama simu yake mwanzoni, kisha akaigeuza uso chini.

"Pole, baba," akasema nilipomaliza. "Lakini mwenye lori nimeshaongea naye. Ni Jumamosi."

Nilimwelewa. Hata mimi nilikuwa nimeshatoa neno langu.

Jumamosi hiyo Mbithe aliamka akachukua mtungi na jagi la plastiki, maana vibuyu hatunavyo tena, akamshika Nduku mkono. Kwa magoti yake mabovu alikuwa hajashuka mtoni miezi kadhaa. Mimi nilifuata nyuma na fimbo yangu. Kwenye kona Mbithe alihesabu hatua kutoka kwenye jiwe, kama alivyoona zikihesabiwa zamani.

"Chimba hapa," akamwambia. "Pale usichimbe, kuna chumvi."

"Hata kwetu Kitui tunachimba hivi," Nduku akasema, akavua viatu. Alichimba kama mtu anayeijua kazi. Lori lilipokuja likishuka kwa kelele zake, alikuwa ndani ya shimo hadi kiunoni, blauzi imelowa, mtungi mmoja umejaa. Kyalo aliruka kutoka kwenye lori. Shimo lilikuwa njiani. Dereva akapiga honi.

Nduku aliinua kichwa, akamwona mumewe amesimama juani na jasho usoni. Akajaza jagi akalinyoosha.

"Kunywa kwanza," akasema. "Umeungua na jua."

Mimi sikuwa nimemfundisha maneno hayo, wala Mbithe. Ndivyo anavyosema mtu yeyote mwenye maji mbele ya mtu mwenye jasho. Kyalo hakulipokea. Alinitazama mimi. Nilitaka kusema neno, lakini nilikuwa nimekatazwa kuhutubia, tena nilijua kwamba neno langu pale mtoni halikuwahi kumsaidia mtu. Nikaiegemea fimbo yangu. Honi ikalia tena.

Kyalo akachukua jagi. Alikunywa yote, hadi chini. Akapangusa mdomo kwa kiganja, akamgeukia dereva.

"Geuza gari."

"Nigeuze vipi? Nimechoma mafuta kutoka barabarani hadi kwenye hili shimo la mkeo."

"Nimesikia. Geuza."

Lori likageuka kwa shida, dereva akilalamika hadi akapotea juu ya mteremko. Kyalo alimrudishia mkewe jagi, akapanda kwenda nyumbani. Nyumba yake bado iko kwenye linta. Majani yameota ndani, na kila jioni akirudi kutoka kazini anapita mbele yake. Siku hizi tunazungumza kidogo tu, yeye na mimi. Wiki ijayo huenda akaliita lori lingine, sijui. Najua tu kwamba siku hiyo alikunywa.

Nduku alinipa mimi pia. Nilishika jagi kwa mikono miwili. Ladha ni ile ile, mwanangu. Ilikuwa haijabadilika hata kidogo. Aliyeiomba yuko upande wa juu wa shamba chini ya udongo, na hakuna jagi linaloweza kufika huko.

Basi sikiliza, nami nitakuachilia. Ukisoma, na watu wakakutazama wakingoja jibu, na jibu huna, sema sijui. Aibu yake ni ya jioni moja. Aibu yangu imenizeesha. Mama yako akikupa maji mbele ya watu, yanywe, hata uwe mkubwa kiasi gani. Ukikabidhiwa kitu ambacho mtu alimshika mwenzake mkono kumwonyesha, usikitoe kabla hujajua kitarudi kwa mvua ngapi. Na wewe uliyekuja kulala hapa, siku moja ambayo huendi kazini, fungua mlango wa nyuma, ushuke uone mto. Ukimkuta Nduku, mwambie umetumwa na Nzioka. Atakupa unywe.

Mwenyezi Mungu aimalize nyumba yako bila kumkausha mwingine. Akupe watoto watakaokuuliza maswali magumu ukiwa bado na nguvu za kujibu. Na siku yako ya mwisho ukiomba maji, mwanangu, uletewe yale yale uliyoyaomba.